Rekodi Zinazongoja Mtu na Rekodi Zilizofungiwa Mlango

Ndugu makocha, waamuzi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huku mbele, asanteni kwa kunialika.

Kwa miaka mingi kulikuwa na rekodi moja niliyokuwa nikiitaja kila nilipotaka kuonyesha pale uwezo wa binadamu unapokomea. Ni ya mita 3,000. Tarehe 1 Septemba 1996, mjini Rieti, Italia, Daniel Komen wa Kenya alikimbia umbali huo kwa dakika 7 na sekunde 20.67. Alikuwa kijana wa miaka 20. Wakubwa wakaja baada yake, wakaijaribu. Haile Gebrselassie akaishia 7:25.09. Hicham El Guerrouj, bingwa aliyeweka rekodi ya mita 1,500 mwaka 1998, akaishia 7:23.09. Sisi tunaoshika saa uwanjani tunajua sekunde 2 ni nyingi kiasi gani kwa watu wa kiwango hicho. Nikawa nawaambia vijana wangu: hii mtazeeka nayo.

Tarehe 25 Agosti 2024, huko Silesia, Poland, Jakob Ingebrigtsen wa Norway akakimbia 7:17.55. Aliipita kwa zaidi ya sekunde 3. Ilikuwa imebaki wiki moja itimize miaka 28, na huyo aliyeivunja alikuwa hajazaliwa siku Komen anaiweka.

Nilifurahi, na pia niliumia. Niliwafikiria wote walionisikia nikisema haivunjiki. Wangapi waliniamini wakaacha hata kuiota? Tangu siku hiyo neno "kamwe" nalitumia kwa uangalifu, na leo nitawaeleza ninavyolipima.

Kuna rekodi inayongoja mtu. Umbali ni ule ule, sheria ni zile zile, uwanja uko pale pale. Anasubiriwa tu mwenye miguu na moyo wa kuifikia. Hiyo usimwambie kijana kwamba haivunjiki. Halafu kuna rekodi iliyofungiwa mlango. Aliyeiweka aliingia, akatoka, na nyuma yake mlango ukafungwa na watu wa sheria, au na mchezo wenyewe uliobadilika. Hata azaliwe nani, atakuta ukuta.

Tuanze na mkuki. Tarehe 20 Julai 1984, Berlin Mashariki, Uwe Hohn alirusha mkuki mita 104.80. Ndiye mtu pekee aliyevuka mita 100. Jiulizeni mkuki wa namna hiyo unatua wapi katika uwanja wa riadha, wakati upande wa pili kuna warukaji wanajiandaa, wakimbiaji wako kwenye kona na waamuzi wamesimama na tepu zao. Isitoshe, mikuki ya zamani ilikuwa inaelea, mara nyingi inatua bapa, na waamuzi wanabaki wakibishana kama ncha imegusa kwanza au haikugusa. Basi mwaka 1986 mkuki wa wanaume ukaundwa upya: kitovu cha uzito kikasogezwa mbele sentimita 4. Sentimita 4 tu! Pua ya mkuki ikawa inainama mapema na kuchoma ardhi. Rekodi zikaanza kuhesabiwa upya, na ya kwanza kwa mkuki mpya ilikuwa mita 85.74, ya Klaus Tafelmeier. Mwaka 1996 Jan Železný alifikisha 98.48, na wengi tunamwona kuwa mrushaji bora kuliko wote. Lakini yeye na Hohn hawakurusha kitu kimoja. Mita 104.80 imebaki peke yake, haina wa kushindana nayo, kwa kuwa chombo kilichoizaa kimeondolewa.

Mlango mwingine ulifungwa kwenye tenisi, huko Wimbledon, na huu naupenda kuusimulia polepole. Mwaka 2010, raundi ya kwanza kabisa, kiwanja namba 18, walikutana John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa. Walianza Jumanne tarehe 22 Juni. Giza likaingia wakiwa wamefungana seti 2 kwa 2. Wakarudi Jumatano kumalizia seti ya tano, ambayo enzi hizo ilikuwa haina kikomo: unaendelea mpaka mmoja amwache mwenzake kwa gemu 2. Wakacheza mchana kutwa. Ubao wa matokeo ukafika 47 kwa 47, ukazima. Haukuwa umetengenezwa kuhesabu zaidi ya hapo. Wao wakaendelea. Giza likaingia tena, 59 kwa 59. Alhamisi wakarudi mara ya tatu, na Isner akashinda 70 kwa 68. Saa 11 na dakika 5 za mchezo, na seti ile ya tano peke yake ilikula saa 8 na dakika 11.

Mtu akiniuliza nani alishindwa pale, huwa sijui namna ya kumjibu. Mahut ndiye aliyekuwa akianzisha gemu ya pili katika kila jozi ya gemu, maana yake kwa saa nyingi kila alipoanzisha alikuwa anajua kwamba akiteleza gemu hii moja, basi amekwisha. Alihimili hivyo mara zaidi ya 60. Hakuna kombe la jambo hilo. Na Isner? Raundi iliyofuata hakuwa na mwili tena, akafungwa seti 3 mfululizo.

Mwaka 2019 Wimbledon waliweka kikomo kwenye 12 kwa 12, na tangu mwaka 2022 mashindano yote manne makubwa ya tenisi yanaamua seti ya mwisho, ikifika 6 kwa 6, kwa kuwania pointi 10. Seti ndefu kuliko zote sasa ni 7 kwa 6. Kwa hiyo 70 kwa 68 haitarudi. Naunga mkono sheria mpya, maana nimeona mwili wa mwanamichezo ukitumika mpaka ukauzwa kwa bei ya kutupa. Hata hivyo nafurahi kwamba tuliwahi kuona jambo lile.

Kwenye mazoezi ya viungo ni hivyo hivyo. Montreal, mwaka 1976, Nadia Comăneci wa Romania alipata 10 kamili na ubao ukaandika 1.00, kwa sababu haukuwa na nafasi ya kuandika 10. Wengi wanakumbuka hiyo 10. Mimi nakumbuka umri: alikuwa bingwa wa jumla wa Olimpiki akiwa na miaka 14. Leo msichana haruhusiwi kushiriki kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16, na mfumo wa alama zinazoishia kwenye 10 ulibadilishwa mwaka 2006. Milango miwili kwa mtu mmoja. Ule wa umri ulistahili kufungwa, tena ulichelewa.

Sasa angalieni kesi inayonichanganya hata mimi. Mwaka 2008 na 2009 waogeleaji walivaa mavazi ya plastiki yaliyobana mwili na kuusaidia uelee. Katika mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009 zilivunjwa rekodi za dunia 43. Arobaini na tatu, katika shindano moja! Mavazi yale yakapigwa marufuku kuanzia Januari 2010, lakini rekodi hazikufutwa. Kila mtu akasema: mlango umefungwa. Kijana wa leo anaogelea na kaptula ya kitambaa dhidi ya muda uliopatikana kwa vazi haramu. Paul Biedermann wa Ujerumani aliondoka Roma na rekodi mbili, mita 200 na mita 400 za mtindo huru. Ile ya mita 400, 3:40.07, ilidumu miaka 15 na ushee. Aprili 2025, Stockholm, Mjerumani mwenzake Lukas Märtens akagusa ukuta kwa 3:39.96.

Kwa hiyo hata mlango uliofungwa, mara chache, kuna anayekuja kuusukuma ukafunguka. Nami nakiri hapa hesabu yangu ya milango ina mpasuko, na nimefurahi kuwa nao.

Tuje kwenye mpira wa miguu. Just Fontaine, mzaliwa wa Marrakech aliyeichezea Ufaransa, alienda Sweden kwa Kombe la Dunia la mwaka 1958 bila uhakika wa kuanza. Alipata nafasi baada ya René Bliard kuumia. Viatu vyake vilikuwa vimeharibika, akaazima vya mchezaji mwenzake wa akiba, Stéphane Bruey. Kwa viatu vya kuazima akaifunga Paraguay 3, Yugoslavia 2, Scotland 1, Ireland Kaskazini 2, Brazil 1 kwenye nusu fainali, kisha Ujerumani Magharibi 4 katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu. Jumla mabao 13, mechi 6. Hakuna mechi hata moja aliyotoka bila kutikisa nyavu.

Tangu hapo mpaka Kombe la mwaka 2022 aliyemkaribia zaidi ni Gerd Müller, mabao 10, mwaka 1970. Kylian Mbappé alifunga 3 kwenye fainali ya mwaka 2022 na bado akaishia 8. Nini kimebadilika? Mwaka 1958 yalifungwa mabao 126 katika mechi 35. Mwaka 2022 mabao 172 katika mechi 64. Pigeni hesabu: tumeshuka kutoka zaidi ya matatu na nusu kwa mechi hadi chini ya matatu. Siku hizi mshambuliaji anasomwa kabla hajafika uwanjani, kila mguu wake umeangaliwa kwenye video, na akifunga mawili mapema kocha anamtoa ampumzishe. Mfumo wa timu 48 ulioanza mwaka 2026 unampa anayefika fainali mechi 8, hivyo siwezi kusema mlango umefungwa kwa kufuli. Umeegeshwa, na ni mzito.

Kuna kitu kingine kuhusu Fontaine. Alivunjika mguu, akarudi, akavunjika tena, na mwaka 1962 akaacha mpira akiwa na miaka 28. Mechi 21 za taifa, mabao 30. Ninyi vijana mnaodhani rekodi inahitaji maisha marefu ya mchezo, mfikirieni mtu aliyeazima viatu akawa na majuma matatu tu.

Wapo pia waliofanya jambo ambalo leo karibu hakuna anayelipanga. Emil Zátopek wa Chekoslovakia, Helsinki, mwaka 1952: dhahabu ya mita 10,000 tarehe 20 Julai, dhahabu ya mita 5,000 tarehe 24, dhahabu ya marathoni tarehe 27. Ilikuwa marathoni yake ya kwanza maishani. Siku ile ya mita 5,000, mkewe Dana Zátopková naye alichukua dhahabu ya kurusha mkuki, kwa hiyo nyumba yao ilirudi na medali 4 za dhahabu. Sheria haimkatazi mtu kurudia aliyoyafanya Emil. Kinachokataza ni ushindani: siku hizi mkimbiaji wa marathoni anajiandaa kwa mbio ile moja kwa miezi. Kocha atakayempeleka mwanariadha wake kwenye mbio zote tatu tutamwita mkatili.

Na wapo waliojenga mnara tu, ukabaki umesimama peke yake. Don Bradman wa Australia aliingia kwenye mechi yake ya mwisho ya kriketi ya kimataifa, The Oval, London, tarehe 14 Agosti 1948, akihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake utimie 100. Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili. Sifuri. Wastani ukabaki 99.94: mikimbio 6,996 kwa mara 70 alizotolewa. Wachezaji wakubwa waliodumu katika mchezo huo hufurahi wakifika 60. Kwenye mpira wa magongo ya barafu kuna Wayne Gretzky. Rekodi yake ya mabao 894 katika ligi ya Amerika Kaskazini ilivunjwa na Alex Ovechkin tarehe 6 Aprili 2025, na nayo ilikuwa imeitwa isiyovunjika. Lakini Gretzky ana pasi za mabao 1,963, na hiyo ni zaidi ya mabao na pasi za mchezaji mwingine yeyote zikijumlishwa pamoja. Maana yake, ukimfutia mabao yote aliyowahi kufunga, bado anaongoza.

Esther Vergeer wa Uholanzi mnamjua? Naona vichwa vinatikiswa. Tenisi ya viti vya magurudumu. Kuanzia mwaka 2003 mpaka alipostaafu mwaka 2013 hakupoteza mechi ya mchezaji mmoja mmoja. Mechi 470 mfululizo. Muongo mzima hakushindwa, hata siku moja ya homa, hata siku moja ya usingizi mbaya. Tunapotaja rekodi kubwa huwa tunamruka, na naomba tuache.

Sasa nafika mahali pagumu. Tazameni rekodi za wanawake za miaka ya 1980. Mita 800: Jarmila Kratochvílová wa Chekoslovakia, 1:53.28, Munich, Julai 1983. Mita 400: Marita Koch wa Ujerumani Mashariki, 47.60, Canberra, Oktoba 1985. Mita 100: Florence Griffith-Joyner wa Marekani, 10.49, Indianapolis, Julai 1988. Hakuna kati yao aliyewahi kukutwa na hatia kwenye kipimo, na mimi sitamhukumu mtu kwa kumtazama. Lakini tunajua, kwa nyaraka zilizopatikana baada ya Ujerumani Mashariki kuanguka, kwamba serikali ile iliendesha mpango wa kuwapa wanariadha dawa. Tunajua pia vipimo vya enzi hizo vilikuwa dhaifu. Na kuhusu ile 10.49, kifaa cha upepo kilisoma sifuri wakati pembeni, kwenye miruko mitatu, vifaa vilikuwa vinasoma upepo mkali. Kesho yake, kwenye fainali, alikimbia 10.61.

Mwaka 2017 shirikisho la riadha la Ulaya lilipokea pendekezo la kuziweka kando rekodi za kabla ya mwaka 2005, kwa hoja kwamba sampuli za wakati huo hazikuhifadhiwa. Halikutekelezwa. Lingewafuta walio safi pamoja na wasio safi, na nani angesimama amwambie mtu ambaye hakuwahi kudanganya kwamba jina lake limeondolewa?

Mimi nimesimama upande wa wasichana wanaokimbia leo. Pamela Jelimo alikuwa na miaka 18 alipokimbia mita 800 kwa 1:54.01, Zurich, mwaka 2008. Miaka 18! Elaine Thompson-Herah alikimbia mita 100 kwa 10.54 mwaka 2021. Septemba 2025, Tokyo, kwenye mvua, Sydney McLaughlin-Levrone akakimbia mita 400 kwa 47.78. Akabakiza sehemu 18 za mia za sekunde. Kwa saa yangu ya mkononi ni chini ya muda wa kupepesa jicho. Miaka 40 watu wamesema ile 47.60 haifikiki, na msichana huyo ameshaisogelea mpaka anaisikia ikipumua. Msije mkamwambia mwanariadha wa mita 400 kwamba mlango ule umefungwa. Hamna haki hiyo.

Nimalizie na jambo la kwetu sisi waamuzi, maana nimeona tumekaa wengi.

Mwaka 2012 Lionel Messi alifunga mabao 91 katika mwaka mmoja, akaipita 85 ya Gerd Müller ya mwaka 1972. Dunia ikashangilia. Kisha chama cha soka cha Zambia kikajitokeza na kusema: mwaka huo huo wa 1972, Godfrey Chitalu alifunga mabao 107. FIFA ikajibu kwamba haitunzi kumbukumbu za mashindano ya ndani ya nchi. Chitalu mwenyewe hakuwepo kusema lolote. Alifariki Aprili 1993 akiwa kocha wa timu ya taifa, ndege yao ilipoanguka baharini karibu na Gabon.

Yalikuwa 107 kweli? Sina daftari la mkono wangu la kuwathibitishia. Ila mambo mawili yananisumbua. Aliyefunga mwaka 1972 alilazimika kungoja miaka 40 kutajwa, na alipotajwa, kilichotafutwa hakikuwa bao bali karatasi. Mwamuzi gani aliandika? Nani alitia sahihi? Fomu ilikwenda wapi baada ya filimbi ya mwisho?

Hivyo nawaomba. Kila mtoto anayevuka mstari, hata yule wa mwisho, aandikwe muda wake, jina lake kamili, tarehe na hali ya upepo. Fomu zitoke nakala mbili, moja ibaki kwa mwamuzi mkuu na nyingine iende kwenye chama siku ile ile, isisubiri wiki. Nimeleta madaftari mapya, yako kwenye meza pale mlangoni. Kila mwamuzi achukue moja kabla hajaondoka, na aandike jina lake kwenye jalada.